Titi la Kushoto

Mimi ni fundi cherehani, na miili ya wanawake wa Gongoni, hapa Tabora, naijua kuliko waume zao wanavyoijua. Najua nani bega limeshuka upande mmoja, nani ana mimba anayoificha, nani amekonda ghafla na anataka gauni lipunguzwe bila kuulizwa maswali. Nina mdomo, na wateja wangu wananivumilia kwa sababu nguo zangu zinakaa mwilini. Kwa hiyo ilinikera sana siku blauzi yangu mwenyewe, niliyoikata kwa mkono wangu, ilipogoma kufunga vifungo.

Ilivuta upande wa kushoto tu. Nikaifumua, nikaishona upya, ikavuta vilevile. Nikaingia nyuma ya pazia, mahali wateja wanapojaribia nguo, nikavua na kusimama mbele ya kioo. Kulikuwa na jua kali la mchana na mtaani bodaboda zilikuwa zinapigiana honi. Hapo ndipo nilipoiona mistari.

Ilikuwa mistari ya bluu, rangi ya wino uliochujuka, imeshuka kutoka mfupa wa bega hadi kwenye titi, ikapinda, ikagawanyika, ikalizunguka. Titi la kulia halikuwa na hata mstari mmoja. Mwanamke yeyote aliyewahi kunyonyesha anaijua mistari hiyo, maana ndiyo inayojitokeza maziwa yanapokuja. Nilikuwa nimeshapita miaka hamsini na siku zangu zilikoma zamani, nikacheka peke yangu pale nyuma ya pazia. Kisha nikaligusa, na lilikuwa la moto.

Nyumbani kwetu tuko watatu: mimi, mume wangu anayeuza asali, na shangazi yangu, dada wa marehemu baba, aliyenilea tangu nikiwa mdogo. Zamani Shangazi alikuwa mkunga. Wanawake wengi wa mtaa huu wamezaliwa mikononi mwake, na hawaachi kumwamkia hata wakiwa wamepakizwa kwenye bajaji inayokwenda. Jioni ile nilimwonyesha kwa utani tu, nikamwambia, "Shangazi, tazama uzee unavyonichezea."

Hakucheka. Aliweka kikombe chake chini, akalitazama titi kwa muda, kisha akaweka nyuma ya kiganja chake juu yake, vile anavyompima mtoto homa.

"Amerudi," akasema.

Sikumuuliza ni nani.

Nilizaa watoto watatu. Wavulana wawili wa kwanza ni watu wazima sasa, wako Dar es Salaam na maisha yao. Wa tatu alikuwa wa kike, na alizaliwa tulipokuwa tunaishi Usoke, kwao mume wangu, tukilima tumbaku. Mtoto yule alikuwa na ubishi wake. Alinyonya titi la kushoto tu. Ukimpa la kulia aligeuza uso, akafumba mdomo, akaninunia kama mtu mzima aliyeletewa chakula cha jana. Nilijaribu kila hila. Nilimgeuza, nikamdanganya gizani, nikamwacha ashikwe na njaa kabisa, lakini alijua. Alipata homa kabla hajaota jino, akafa asubuhi moja huku bado kinywa chake kikitafuta upande ule.

Tulimzika mwisho wa shamba la baba mkwe, karibu na mninga mmoja mkubwa. Hapo ndipo ilipopita njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka pwani ikaja Tabora na kuendelea hadi Ujiji. Njia yenyewe haionekani tena, ila ardhi yake ni ngumu kuliko shamba jingine, na jembe likipita huibua ushanga wa kioo. Wanawake wa pale hawapendi kukata kuni upande ule. Wanasema wapo waliokufa njiani na mizigo yao na hawakuzikwa na mtu, na mpaka leo ukiinama utasikia mtu anatua mzigo nyuma yako. Mimi niliishi pale miaka na sikusikia kitu, lakini kuni nilikata kwingine.

Ilikuwepo desturi kwao. Mama aliyefiwa na mtoto anayenyonya alipelekwa kaburini na wanawake wenzake, akakamua maziwa yake juu ya udongo mpaka yaishe, mtoto apate riziki yake ya mwisho na asilifuate titi nyumbani. Masheikh wa mjini wangetukemea, lakini shambani hakuna aliyewauliza. Shangazi alikuwa amekuja kwenye msiba, na ndiye aliyenishika mgongo. La kulia, lile ambalo mwanangu hakulitaka maisha yake yote, lilimwaga maziwa mpaka udongo ukalowa. La kushoto halikutoa hata tone. Lilikuwa limejaa jana yake, na pale lilikuwa limelegea tupu. Wanawake walitazamana, kisha mmoja akasema twende zetu, jua linawaka.

Hilo ndilo Shangazi alilokuwa analikumbuka aliposema amerudi. Kwa hesabu yake titi la kushoto lilikuwa bado la yule mtoto. Ndani yake mlikuwa na kitu kigumu, kikubwa kama kokwa la embe, na Shangazi alikibonyeza kwa vidole vyake vya ukunga akasema ni fundo la maziwa. Fundo la maziwa linakandwa. Kila mtu anajua hivyo.

Basi tukaanza. Asubuhi Shangazi alichemsha maji, akachovya kitambaa, akanikanda kama mzazi. Nilikunywa uji wa pilipili manga, mwingi, wa moto, mpaka jasho likanitoka. Mume wangu aliambiwa. Siku ile alirudi na asali ya nyuki wadogo, ile anayoificha kwa ajili ya wagonjwa, akaiweka karibu na sufuria ya uji.

Kilichonitisha baadaye, nilipokaa na kukumbuka, ni jinsi nyumba ilivyobadilika bila mtu kuagiza. Shangazi aliacha kubamiza mlango wa uani. Jua likizama alifunga madirisha mapema, kama inavyofanywa kwenye nyumba yenye mtoto mchanga. Mume wangu alivua viatu barazani na kuongea chini chini. Mteja mmoja alicheka kwa sauti, nami nikaweka kidole mdomoni mwangu kumnyamazisha, nikashangaa mwenyewe kwa nini. Siku nyingine nilikuta nimekata kigauni kutoka kwenye mabaki ya kitenge cha mtu, kigauni kidogo cha kuingia mtoto wa miezi michache, na nilikuwa nimeshamaliza mkono mmoja. Sikumbuki kuanza kukikata.

Niseme ukweli, nilikuwa na furaha. Watu wakisikia habari za ugonjwa hudhani mtu alikuwa na hofu tangu mwanzo. Mimi nilijitazama kwenye kioo kila asubuhi na kuona mistari imeongezeka, minene zaidi, na moyo wangu uliruka. Nilikuwa naitwa. Mtu niliyemwacha peke yake kwenye ardhi ile ngumu alikuwa amenipata huku mjini, na mwili wangu ulikuwa unamwandalia. Nilizungumza naye nikiwa kwenye cherehani. Nilimwambia asubiri kidogo, yanakuja.

Yalikuja asubuhi moja, tukiwa uani na jua limeshapanda. Shangazi alikuwa ananikanda, akabonya pembeni ya chuchu, na kitu kikatoka kwenye kitambaa cheupe. Tuliinama sote wawili kwa shauku. Ilikuwa damu. Tone moja, jekundu lililokolea, likasambaa taratibu.

"Anavuta kwa nguvu," Shangazi akasema, lakini sauti yake ilikuwa imepwaya. Nilimtazama usoni. Huyu mwanamke ameshika damu za watu maisha yake yote, na sasa alikuwa anakikunja kile kitambaa ili tone lisionekane.

Mume wangu alitokea ndani, akakichukua kile kitambaa mkononi mwa Shangazi, akakitazama. Alitoka nje. Baada ya muda mfupi nilisikia bajaji imesimama mlangoni.

"Vaa," akaniambia.

"Unanipeleka wapi? Nina nguo za watu."

"Mama watoto, vaa."

Tangu anioe hakuwa amenipa amri. Nikavaa.

Daktari alikuwa binti wa umri wa wanangu, mwembamba, shungi limefungwa vizuri. Aliniamkia shikamoo, nikamwitikia marahaba, na nikaanza kumchunguza koti lake jeupe lilivyoshonwa vibaya mabegani ili nisimtazame macho. Alinilaza kitandani, akanipaka mafuta ya baridi, akapitisha kifaa cha mashine juu ya titi. Kwenye kioo cha mashine mlikuwa na weusi na ukungu. Katikati kulikuwa na doa lenye kingo zilizochongoka, halikuwa la duara.

Kisha akabonyeza kitufe, na lile doa likawaka rangi. Nyekundu na bluu zilikuwa zinapita pembeni yake, zinaingia, zinapindapinda, zinapotea na kutokea tena. Akabonyeza kingine, na mashine ikatoa sauti. Fyuu, fyuu, fyuu. Kulikuwa na kituo kidogo, kisha fyuu, fyuu. Nilikamata kingo za kitanda. Ile sauti nilikuwa naijua. Ni sauti ya mtoto mwenye njaa anapopata titi, anavuta na kumeza, anapumzika, anavuta tena.

"Ni nini hicho?" nikauliza.

"Ni damu yako, mama. Inapita kwenye mishipa."

"Mbona anakunywa?"

Alinitazama, akazima sauti. Nadhani alikuwa ameshasikia mengi kwenye chumba kile, maana hakunicheka. Alivuta kiti karibu, akaanza kunieleza, na mpaka leo namshukuru kwamba hakunieleza kama mtoto.

Alisema hawezi kusema ni kitu gani mpaka wachukue nyama kwa sindano na kuipima, lakini alikuwa na wasiwasi ni saratani. Alisema uvimbe wa namna ile ukiwa mdogo sana hauna shida na mtu, unajilia damu ya jirani. Ukitaka kukua, hewa na chakula havitoshi. Hapo unaanza kuita.

"Unamwita nani?"

"Mishipa ya damu. Unatoa kitu kama ujumbe, unasambaa kwenye nyama ya karibu. Mishipa iliyo jirani ikiupata, inachipua, inaota matawi kuufuata mpaka inaufikia. Ile mistari unayoiona kwenye ngozi ni mishipa mikubwa iliyotanuka, maana sasa damu nyingi inapita upande huo. Na ule moto ni damu hiyo hiyo."

"Na mwili unakubali tu?"

"Unakubali, mama. Mwili unaujua wito huo. Kidonda kikipona, mishipa mipya inaota hivyo hivyo. Mimba ikitunga, hivyo hivyo. Titi likijiandaa kunyonyesha, hivyo hivyo. Mwili hauulizi anayeita ni nani."

Mume wangu, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, ndiye aliyeuliza kama hakuna dawa ya kuiziba hiyo mishipa. Daktari akasema zipo dawa zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, na kwenye saratani nyingine zinasaidia. Kwa ya matiti watu walizitegemea sana, lakini hazikuleta walichotarajia, kwa sababu ukiufungia uvimbe njia moja, hutafuta nyingine. Na ile mishipa yenyewe inajengwa haraka haraka, imepinda, inavuja, haina kuta nzuri. Chembe za saratani zinaweza kupenya humo zikasafiri kwenda kwingine, kwenye mfupa, kwenye ini.

"Kwa hiyo sasa," akasema, "tunachotaka kujua ni kama zimeshaondoka."

Mimi ni mtu wa Tabora. Mji wetu ulikuwa kambi, mahali pa wapagazi kutua mizigo, na ulipoanza kula vizuri njia zikaufuata kutoka kila upande. Tulifundishwa shuleni kwa fahari, lakini bibi zetu walitueleza pia ni nini kilichokuwa kinatembea kwenye njia zile, na kina nani waliokuwa wamefungwa. Niliposikia neno kuondoka nilielewa yote. Nilifunga vifungo vyangu, kile cha kifuani kikagoma, nikakiacha wazi.

Kwenye bajaji nililia mpaka dereva akasimama kununua maji akanipa. Mume wangu alidhani nalilia titi, au uhai wangu. Nilikuwa namlilia mwanangu. Mara ya kwanza alikufa mikononi mwangu. Mara hii alikuwa amekufa kwenye kioo cha mashine, kwa mdomo wa binti mwenye koti lililoshonwa vibaya, na mahali pake pamekaa kitu kilichojifunza kuniita kwa sauti yake. Nilimchukia yule daktari mpaka tulipofika nyumbani.

Vipimo vilirudi kama alivyohofia. Mifupa na ini vilionekana salama kwa wakati ule, na kwa hilo nilipiga magoti. Tukaandikiwa kwenda hospitali kubwa nje ya mkoa. Huko walianza na dripu za dawa kabla ya kukata, ili uvimbe unywee kwanza. Nywele ziliondoka, kucha zikawa nyeusi, chakula kikawa na ladha ya sarafu. Hayo wengi wameyasimulia na mimi sitaki kuyarudia. Ninachotaka kusimulia ni mistari.

Ilianza kufifia. Kila nilipotazama kioo ilikuwa imepungua, kwanza ile myembamba ya pembeni, kisha minene, na ule moto ukapoa. Madaktari walifurahi. Mimi nilisimama pale na kichwa changu kipara, nikishangilia kwa upande mmoja wa moyo, na kwa upande mwingine nikiwa natazama mtu anaondoka barabarani bila kugeuka. Siku moja niliamka titi likiwa la baridi kabisa. Nilifungua mfuko, nikatoa kile kigauni chenye mkono mmoja nilichokuja nacho, nikamalizia mkono wa pili pale kitandani. Muuguzi aliuliza ni cha mjukuu, nikamjibu ndiyo.

Walilikata titi lote. Mume wangu aliomba turudishiwe, kwa kuwa kwetu kiungo cha Mwislamu kinazikwa. Hospitali walibaki na sehemu za kupima, na kilichobaki akakabidhiwa kimefungwa vizuri. Alisafiri nacho hadi Tabora, pamoja na kile kigauni nilichompa, akamchukua Shangazi, wakaenda Usoke. Mimi nilikuwa bado na mipira inayotoa maji kifuani. Hakuna aliyeniuliza kitazikwa wapi. Palikuwa na mahali pamoja tu.

Niliporudi nyumbani Shangazi alinisimulia. Alikuwa amekonda, na tangu siku ya damu hakuwahi kunitazama sawasawa. Alisema alilivisha sanda kwa mikono yake, na kile kigauni akakitandika chini. Alisema alilaza kitu kile upande aliopenda mtoto, karibu na uso wake.

"Sasa ameshiba, mwanangu," akaniambia. "Nisamehe, lakini sasa ameshiba."

Nilimwambia Shangazi hana kosa, na ndivyo ninavyoamini. Maziwa na ule ugonjwa huja na mistari ileile. Nikamshika mkono, tukakaa.

Baadaye, tukiwa tunakunywa chai, mume wangu akaniambia kwamba kuchimba kulimchukua muda kuliko alivyodhani, kwa sababu ya mizizi. Ule mninga uko hatua kadhaa kutoka kaburini, lakini mizizi yake imelifuata. Upande mwingine wa mti hakuna, alichimba akatazama. Yote imekwenda kule. Alisema hivyo akakoroga asali kwenye chai yake.

Naendelea na kazi. Nashona magauni ya wenzangu waliokatwa kama mimi, naweka pamba ndani upande unaotakiwa, na wakivaa huwezi kujua. Kila baada ya muda nakwenda kwa yule binti daktari. Nimemshonea koti jipya, mabega yamekaa. Naamini kila alichonieleza. Naamini kwamba uvimbe unaita na mwili unaitikia, na kwamba hakuna mtoto yeyote aliyekuwepo mle ndani. Niliwaeleza hata wateja wangu, wale wenye umri wangu wanaokuja na blauzi inayovuta upande mmoja. Siwaachi waondoke na nguo. Wananiita mkorofi, na mmoja nilimpeleka hospitali kwa bajaji kwa kumshika mkono.

Lakini asubuhi, kabla sijafungua duka, naingia nyuma ya pazia. Navua, nasimama mbele ya kioo kwenye mwanga. Kushoto pana kovu tambarare. Nalitazama la kulia, nalinyanyua, natafuta mstari, natafuta moto. Naweka nyuma ya kiganja kama alivyofanya Shangazi. Likiwa la baridi, nashukuru Mungu. Kisha nasema kwa sauti ndogo, mtu wa nje asinisikie, "Hili ulilikataa mwenyewe, mwanangu. Niachie."